Sauti Iliyosema Pole

Kwa miaka ishirini na minane alipiga chapa mahakamani. Shahidi anasema, yeye anaandika. Wakili anapinga, yeye anaandika. Mtu analia kizimbani, yeye anasubiri vidole vikiwa juu ya herufi, na akianza tena kusema, naye anaanza tena kuandika. Makarani wenzake ndio waliompa jina la Nukta, kwa sababu karatasi haikutoka mezani kwake ikiwa na sentensi isiyofungwa. Hakimu mmoja alikuwa akimtania kwamba hata shahidi akizimia katikati ya neno, huyu mama atamwekea nukta kwanza ndipo aite maji.

Alipostaafu, yeye na mumewe walikodi chumba kimoja chenye mlango unaofunguka barabarani. Wakaweka meza mbili, kompyuta mbili, mashine ya kutoa kopi, benchi la wateja, na kibao cha bati kilichosema: BARUA, FOMU, KOPI, VITABU. Mume alikuwa fundi redio aliyejifunza kompyuta ukubwani. Walikuwa wamegawana kazi vizuri: herufi zake, waya za mumewe. Mashine ikigoma, yeye hakuigusa. Aligeuza shingo tu kuelekea meza ya pili na kusema, "Baba, imeanza tena," na mumewe anakuja akiburuta kandambili.

Mume alifariki asubuhi moja akiwa ameinama kufunga kamba za viatu. Hakuugua wala kuaga. Baada ya msiba watoto walirudi makwao, kila mmoja mbali kwa kazi yake, na nyumbani wakabaki wawili: Nukta na wifi yake, dada wa marehemu, mshonaji wa sare za shule, mwanamke mwenye mwili mkubwa na ulimi usio na pazia. Walipendana kwa namna yao. Wifi alikuwa akisema, "Mimi na wewe tumeachiwa urithi: wewe umeachiwa mimi, na mimi nimeachiwa wewe. Hakuna aliyepata shamba."

Ofisini Nukta aliendelea peke yake. Meza ya pili aliiacha kama ilivyokuwa, na koti la kazi la mumewe likining'inia kwenye kiti. Jicho lake la kulia lilikuwa limeanza kuingia ukungu. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, akampangia tarehe ya upasuaji. Fedha za upasuaji zilikuwa benki tayari, akiba ya muda mrefu. Kwa hiyo alikuwa na subira. Alisogeza kiti karibu zaidi na skrini, akaendelea na kazi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Mama mmoja alikuja saa tatu asubuhi akitaka fomu ya kumhamishia mwanawe shule, akaacha maelezo na kusema angepitia mchana. Nukta akaingia kwenye intaneti kuitafuta fomu. Akabonyeza jina la kwanza alilokutana nalo. Skrini ikawa nyekundu.

Halafu ikaanza kulia, king'ora kama cha gari la zimamoto, na juu yake sauti ya mwanamke isiyopumua: "Onyo. Kompyuta hii imefungwa kwa usalama wako. Usiizime. Taarifa zako zinaibwa. Piga namba hii." Namba yenyewe ilikuwa imeandikwa kwa tarakimu kubwa nyeupe, kubwa kiasi kwamba hata jicho la kulia liliziona. Alibonyeza alama ya kufunga, haikufunga. Akabonyeza tena. Kinyozi wa jirani akachungulia, akauliza kama kuna moto, na Nukta akamwambia hapana, ni mashine tu.

Ndipo akageuza shingo kuelekea meza ya pili, mdomo wazi, neno "Baba" limeshafika kwenye ulimi. Alitusimulia baadaye sisi majirani kwamba kama si dakika ile, pengine angeizima mashine na kwenda kwa fundi. Lakini kuliona lile koti kulimwondolea nguvu. Akachukua simu akapiga.

"Kitengo cha usalama wa kompyuta, habari za asubuhi," ilijibu sauti ya kiume, tulivu, yenye adabu.

"Nzuri. Kompyuta yangu inalia."

"Pole sana, mama yangu. Usiogope, umefika mahali penyewe. Hujaizima?"

"Sijaizima."

"Umefanya vizuri sana. Wengine huzima kwa hofu, wakapoteza kila kitu. Ndani ya mashine kuna kazi za muhimu?"

Zilikuwemo. Kulikuwa na barua na vyeti vya watu zaidi ya mia mbili. Kulikuwa na kurasa mia tatu na kumi za kitabu cha maisha ya mwalimu mkuu mstaafu, mzee aliyekuwa akimletea madaftari yake moja moja kama anayepeleka watoto shule. Nukta alimweleza yote hayo. Yule mtu akaguna kwa huruma, kisha akaanza kumwongoza: bonyeza hapa, andika herufi hizi, kubali hapa. King'ora kikanyamaza, na kwa ukimya huo tu Nukta alijikuta anamshukuru mtu asiyemjua. Kisha kishale kikaanza kutembea chenyewe kwenye skrini.

"Huyo ni mimi, mama. Nimeingia kukusaidia. Weka simu sauti ya juu uiweke mezani, upumzishe mkono."

Alimfungulia orodha ndefu, mistari kwa mistari, mingi ikiwa na alama nyekundu na za njano. "Unaona? Haya yote ni mashambulizi. Elfu moja na mia nne. Mashine hii ina wageni tangu mwaka jana." Alimwuliza kama kuna mtu mwingine anayeitumia. Nukta akasema palikuwa na mume, amefariki, mwezi wa nane sasa.

"Pole sana, mama. Pole kwa msiba. Mzee ndiye alikuwa anakutunzia mashine?"

"Ndiye."

"Basi leo niruhusu mimi nishike nafasi yake kwa muda."

Tangu mazishi watu walikuwa wamempa pole nyingi, lakini zilikuwa zimekwisha. Watu wana mambo yao. Hakuna aliyekuwa amemwuliza mumewe alikuwa anafanya nini kwa siku, saa ngapi alikunywa chai, alikuwa mtu wa namna gani. Huyu aliuliza. Na Nukta, ambaye maisha yake yote alikuwa anaandika maneno ya wengine, aliongea. Aliongea huku kishale kikifungua na kufunga milango asiyoijua, asubuhi ikasogea, wateja wawili wakachungulia na kuondoka.

Ilipofika saa sita yule mtu alisema wageni wamekaribia akaunti yake ya benki, ni lazima fedha zihamishiwe mahali salama kwa siku moja. Akamwambia aufungue ukurasa wa benki na kuandika neno lake la siri. Skrini ikawa nyeusi. "Nimeifunika ili wasione," akasema. "Sasa zitaingia namba sita kwenye simu yako. Nisomee."

Ujumbe uliingia. Nukta, kwa mazoea ya kazi, aliusoma mpaka mwisho. "Hapa wameandika nisimpe mtu yeyote."

"Mtu yeyote ni mtu wa nje, mama. Mimi niko ndani ya mfumo."

Akamsomea. Ujumbe wa pili ukaingia, akamsomea. Wa tatu, akamsomea.

Wifi yake alifika karibu na saa saba akiwa na chakula kwenye bakuli lililofungwa kitambaa. Nukta alimpungia mkono wa kumwondoa, kama mtu anayefukuza kuku. Wifi hakuondoka. Aliweka bakuli juu ya benchi, akasimama nyuma ya kiti. Skrini ilikuwa imerudi kuonekana. Wifi alikuwa hajawahi kugusa kompyuta hata siku moja. Alikuwa akisema vidole vyake vinaelewana na sindano tu. Lakini macho yake yalikuwa mazima.

"Wifi," akasema, "mbona hicho kidude kinatembea na mikono yako iko mapajani?"

"Ni fundi. Ananisaidia."

"Fundi yuko wapi?"

Simu ikasema, "Mama, nani huyo? Mwambie atoke."

"Nimeuliza fundi yuko wapi," wifi akarudia, safari hii akiielekea simu. "We baba, uko ofisi gani? Barabara gani? Tukuletee na wewe chakula."

"Mama, usimsikilize huyo. Usikate simu. Ukikata simu sasa hivi kila kitu kitapotea, na mimi sitahusika! Unanisikia? Soma namba iliyoingia sasa!"

Sauti ilikuwa imebadilika. Tuseme haikuwa imebadilika sana. Mtu mwingine asingeona tofauti. Lakini Nukta alikuwa amesikia mabadiliko yale kwa miaka ishirini na minane. Shahidi anakuja amejiandaa, maneno yamepangwa, upole upo. Wakili anamwuliza swali moja dogo ambalo hakulitegemea, ulikuwa umesimama upande gani wa mlango, na mara yule mpole anaanza kufoka. Mara ngapi vidole vyake viliandika uongo, yeye mwenyewe akijua ni uongo kabla ya hakimu hajainua kichwa?

Aliinama chini ya meza akachomoa waya ukutani. Kisha akaichukua simu na kuikata. Wifi ndiye aliyefunga mlango wa ofisi.

Walikwenda benki kwa miguu, hawakusubiri gari. Wifi alimshika mkono njia nzima kwa upande wa jicho lenye ukungu. Benki walipofika palikuwa na foleni, na wifi akaivuka foleni yote akisema kwa sauti, "Tumeibiwa sasa hivi, bado moto." Karani wa dirishani, binti mdogo mwenye miwani, aliwapeleka kwenye kiti cha pembeni. Hakuuliza kwa nini. Aliuliza saa ngapi, mara ngapi, namba zipi. Alifunga akaunti palepale, akapiga simu mbili, akaandika. Fedha zilikuwa zimetoka kwa mikupuo mitatu. Miwili ilikuwa imeshakwenda. Wa tatu ulikuwa bado unasubiri kupita, na karani akauzuia.

"Umewahi, mama," alimwambia. "Wengi wanakuja baada ya wiki. Wanaona aibu."

Kituoni kwa polisi palikuwa tofauti. Askari wa zamu hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka tu. Alisikiliza, akakuna kidevu, akauliza, "Kwa hiyo hizo namba ulimsomea mwenyewe?"

"Nilimsomea."

"Mwenyewe, kwa mdomo wako."

"Kwa mdomo wangu."

Askari akampa karatasi aandike maelezo. Aliyaandika kwa mkono, ukurasa mmoja na nusu, bila kufuta mahali. Askari aliposoma alisema hajawahi kupokea maelezo yaliyonyooka namna ile. Alikuwa amekusudia sifa. Nukta alitoka nje akakaa kwenye ngazi za kituo, na hapo ndipo alipolia.

Mashine waliipeleka kesho yake kwa fundi wa kompyuta mwenye kibanda karibu na soko, aliyewahi kufanya kazi na marehemu. Alimwuliza kila alichobonyeza, kwa mpangilio. Alimwambia asiiunganishe na intaneti mpaka atakapoisafisha: atanakili barua na vitabu pembeni, atafuta vyote vilivyobaki, ataanza upya kama mashine mpya. Alimwambia abadilishe maneno yake yote ya siri, la barua pepe kwanza, na asitumie mashine ile kubadilishia bali nyingine.

"Na zile alama nyekundu elfu na mia nne?" Nukta aliuliza.

Fundi akageuza skrini yake mwenyewe, akafungua orodha ileile. Mistari kwa mistari, nyekundu na njano. "Hii ni yangu. Nimeinunua mwezi uliopita. Hilo ni kama daftari la mlinzi wa geti, mama: anaandika kila anayepita, hata paka. Kila kompyuta inalo. Wanawaonyesha watu kwa sababu linatisha."

"Na kile king'ora?"

"Ni ukurasa tu, kama bango. Kampuni za kweli hazikuwekei namba ya simu zikakupigia kelele uzipigie. Siku nyingine ukikutana nacho, zima mashine. Bonyeza kitufe mpaka ife. Hakuna kitakachopotea." Akarudisha skrini yake ilipokuwa. "Mzee angekwambia hivyohivyo."

Nukta hakufungua ofisi siku tatu. Alikaa chumbani, pazia limefungwa, akisema jicho linamuuma. Mwanawe mmoja alipopiga simu alimwambia kila kitu kiko sawa. Wifi alivumilia siku mbili. Ya tatu aliingia na kikombe cha chai, akakaa kitandani bila kukaribishwa.

"Utakaa humu mpaka lini?"

"Niache, wifi."

"Sikuachi. Wewe unalilia fedha?"

"Nilimweleza habari za ndugu yako. Zote. Jinsi alivyokuwa anaburuta kandambili. Akawa ananiambia pole, na huku mkono wake uko mfukoni mwangu. Fedha nitatafuta. Lakini yale maneno nitayarudishaje?"

Wifi akakitazama kikombe. "Ungeniambia mimi," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko kawaida. "Mimi si dada yake? Nipo chumba cha pili. Miezi minane hujanitajia jina lake, nikadhani hutaki lisemwe. Halafu nakuletea chakula, unanipungia mkono kama kuku."

"Nisamehe, wifi."

"Nimeshakusamehe. Kunywa chai, imepoa."

Wakaongea mchana wote ule. Wifi alimsimulia marehemu alipokuwa na miaka tisa, alivyoifungua redio ya baba yao ili amtoe msomaji wa habari aliyekuwa ndani, na kipigo alichokipata. Nukta alikuwa hajakisikia kisa hicho. Alicheka mpaka jicho bovu likatoa machozi kama lile zima.

Siku ya nne alifungua ofisi. Lakini kabla hajaketi kwenye mashine alifanya jambo ambalo fundi na wifi wote wawili walimwambia halina haja. Yule mtu alikuwa ndani ya kompyuta yake saa nne nzima. Mle mlikuwa na vitambulisho vya watu, vyeti, namba za simu, barua za talaka, maombi ya kazi. Hakuna aliyejua alichukua nini. "Wenyewe lazima wajue," Nukta alisema. "Waliniachia mimi, hawakumwachia yeye."

Akaandika tangazo, akalibandika mlangoni kwenye usawa wa macho. Nililisoma mwenyewe, kama tulivyolisoma wote wa mtaa ule: "Jumanne nilidanganywa na mtu aliyejifanya fundi wa kompyuta. Nilimruhusu kuingia kwenye mashine yenye karatasi zenu. Sijui alichukua nini. Aliyeacha kitambulisho au cheti kwangu awe macho: mtu akikupigia akijua habari zako, usimwamini kwa sababu hiyo. Mwenye swali aingie, nitamjibu. Nawaomba radhi." Chini akaweka sahihi na tarehe. Wale ambao namba zao alikuwa nazo, aliwapigia mmoja mmoja. Ilimchukua siku sita.

Wengi walisema haidhuru. Mwoka mikate alimwambia kitambulisho chake kina picha mbaya kiasi kwamba mwizi atakirudisha. Lakini mwalimu mkuu mstaafu alikuja mwenyewe, fimbo mkononi, akasimama mlangoni bila kukaa.

"Maisha yangu yako mle," alisema. "Mambo ambayo hata watoto wangu hawajayasoma."

"Najua, mwalimu. Ndiyo maana nimekwambia."

"Mtu wa mahakama! Mtu aliyekula mshahara wa kusikiliza wezi!"

Nukta alimpa madaftari yake kwenye mfuko, na kurasa zote zilizokwisha kuchapwa. Mzee aliondoka, na hakurudi tena. Kitabu chake kilimaliziwa na ofisi nyingine ng'ambo ya barabara. Nukta alipokiona miezi kadhaa baadaye, alihesabu makosa tisa kwenye ukurasa wa kwanza, akakifunga, na akasema tu kwamba jalada ni zuri.

Wiki ya tano simu iliita ofisini. Mwanamume mwingine, sauti nzito, ya kiofisi.

"Naongea kutoka kitengo cha kurejesha fedha za waathirika wa mtandao. Tumewakamata waliokuibia Jumanne ile, mama. Fedha zako zipo, mikupuo yote miwili." Alitaja kiasi. Kilikuwa sahihi. Akataja tarehe. Ilikuwa sahihi. "Kuna ada ndogo ya kufungulia jalada, na tutahitaji kuingia kwenye kompyuta yako dakika chache kuthibitisha."

Nukta hakuficha alipotusimulia: kwa kitambo kidogo alitamani iwe kweli. Tarehe ya upasuaji ilikuwa imepita. Akasema taratibu, "Nipe jina la ofisi yako. Nitakata simu, nitakwenda benki, niwaulize."

"Hapana, usikate simu, mama. Ukikata, jalada linafungwa. Sikiliza, tunajua umepitia mengi. Pole pia kwa msiba wa mzee."

Alikaa na simu sikioni. Kwa hiyo walikuwa wameandika. Mahali fulani palikuwa na karatasi, au faili, yenye jina lake, na mbele ya jina mtu amepiga chapa: mjane, mume alitunza mashine. Imeuzwa, au imepokezwa mkono kwa mkono, ili mwingine aitumie kama ufunguo.

"Usimtaje," alisema. Hakupaza sauti. Akakata, akaizuia ile namba, akaandika saa na kila neno alilolikumbuka, na mchana akapeleka karatasi ile benki na kituoni. Askari yuleyule alikuwa zamu. Safari hii alimvutia kiti.

Mkupuo uliozuiwa ulirudi baada ya wiki saba. Miwili iliyotangulia haikurudi. Mwanawe alikuja kuambiwa hatimaye, na wifi yake ndiye aliyemshikia Nukta simu wakati anasema. Mwana alifoka kwanza, halafu akauliza kwa nini hakuambiwa mapema, na mwishowe akaanza kupiga simu kila Jumapili, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Jicho lilifanyiwa upasuaji mwaka uliofuata. Alipofunguliwa bandeji alimtazama wifi yake kwa muda mrefu, akamwambia, "Kumbe umezeeka." Wifi akamjibu, "Ni wewe ulikuwa unaniona kwa huruma."

Lakini kabla ya hayo yote, tangazo likiwa bado mlangoni na jua limeanza kulibabua, aliingia mfamasia wa duka la dawa la mtaani. Mwanamke msomi, koti jeupe limepigwa pasi, ambaye nusu ya mtaa ilikuwa ikimwuliza habari za homa zake kabla ya kwenda kwa daktari. Alifunga mlango nyuma yake. Akasoma kibao cha bei kana kwamba hajawahi kukiona.

"Nataka kopi," alisema, lakini hakuwa na karatasi.

Nukta akamsogezea kiti. Lile koti la mumewe alikuwa ameshalipeleka nyumbani, kiti kilikuwa kitupu.

"Skrini yangu ilikuwa ya bluu," mfamasia alisema. "Si nyekundu. Miaka miwili sasa. Fedha za kiwanja." Akafuta kiganja kwenye koti. "Mume wangu nilimwambia muuzaji ameahirisha. Kila mwaka namwambia ameahirisha. Mimi ninayewaambia watu wasimeze dawa wasizozijua."

"Umemwambia nani mwingine?"

"Wewe."

Nukta akafungua ukurasa mtupu. "Sema unavyokumbuka. Usipange. Nikihitaji kuuliza, nitauliza."

Yalichukua siku tatu maelezo yale, kwa sababu wateja walikuwa wanaingia na mfamasia anakatiza katikati na kujifanya anasubiri kopi. Yalipokwisha kuchapwa, mfamasia aliyakunja mara nne akayatia mfukoni, akasema hawezi kuyapeleka polisi kabla ya kuyapeleka nyumbani, na nyumbani hawezi kuyapeleka peke yake.

Wakaenda pamoja Jumamosi mchana. Ilikuwa sebule ya kawaida, viti vyenye vitambaa vyeupe, televisheni imefunikwa. Mume alikuwa seremala, mtu wa maneno machache, na vumbi la mbao halijamtoka nyusini. Mfamasia alimpa karatasi. Alisoma polepole, akifuatisha mistari kwa kidole. Alipofika mwisho alirudi mwanzo, akasoma tena.

"Miaka miwili," alisema.

Mkewe akaitikia kwa kichwa.

"Na kila nilipokuuliza habari za kiwanja ukawa unakwenda jikoni."

"Ndiyo."

Seremala akaiweka karatasi mezani, akainyoosha mikunjo kwa kiganja kama anavyopima ubao. Hakumtazama Nukta hata kidogo. Alimwambia mkewe akae karibu, siyo kule. Nukta akachukua mkoba wake, akaaga kwa sauti ya chini, akatoka na kuuvuta mlango taratibu nyuma yake.